Saba Mara Nane

Saba mara nane hunitoroka.
Saba mara saba naijua, nane mara nane pia,
lakini hawa wawili wakikutana
ni kama majirani waliogombana bombani:
nikipita, kila mmoja anatazama ndoo yake.

Nina miaka ishirini na mitano na miezi minane.
Jeshi halichukui aliyevuka ishirini na sita.
Hiyo kutoa sikufundishwa na mtu.

Mchana nauza vigae Changamwe, dukani kwa Bawazir.
Mteja akisema chumba ni mita nne kwa tano
kidole hukimbilia vitufe vya kikokotoo
kabla akili haijavaa viatu.
Na barua ya mtihani imesema, kwa herufi nzito:
kikokotoo marufuku.
Sijatafuna kalamu hivi tangu kidato cha nne,
Bi Nyevu aliponirudishia karatasi ameikunja mara mbili
wenzangu wasione alama.
Zilikuwa kumi na tisa.
Wema ule unaniuma hadi leo.

Usiku mwalimu wangu ni Mwaluma, mdogo wangu,
miaka kumi na miwili, meno makubwa kuliko subira yake.
Mshahara: viazi karai vya shilingi ishirini,
ukwaju wa kutosha, na alipwe kabla ya somo.
"Dada, asili hazifanani, utajumlishaje?
Nusu na theluthi si watu wa nyumba moja.
Watafutie sita kwanza, wakae, ndipo uwahesabu."
Nawatafutia sita. Wanakaa. Tano kwa sita.
Anapiga meza kwa furaha, na papo hapo
tokeni za stima zinakwisha.
Tunaendelea kwa tochi ya simu.

Mama, gizani, anapepeta mchele kwa mazoea.
"Hata jogoo hujawahi kuchinja. Utapigana na nani?"
Sitaki bunduki, Mama. Nataka chumba cha mitambo,
chini kabisa melini, penye moto na kelele,
wanapohitaji mtu wa kujua
bomba linavumilia shinikizo kiasi gani.
"Hilo hata mimi najua," asema. "Kiasi cha kutopasuka."

"Haya," asema Mwaluma. "Mafundi sita hujenga ukuta kwa siku nane.
Wawili wakiondoka, waliobaki wataujenga kwa siku ngapi?"

Wameenda wapi?

"Nani?"

Hao wawili.

"Kitabu hakijasema."

Baba alikuwa fundi.
Aliondoka kwenye ukuta mmoja wa Miritini
siku ya tatu ya kazi. Mwiko wake ulirudi peke yake,
umefungwa kwenye mfuko wa saruji,
umebebwa na mtu aliyesahau kuvua kofia.
Mwaluma alikuwa tumboni. Hajui
kwamba baadaye nilikwenda kuutazama,
kwamba ulikuwa umenyooka vizuri tu,
kwamba uliisha siku ileile iliyopangwa.
Mchele umeacha kusikika.

"Dada?"
Kumi na mbili. Siku kumi na mbili.
"Si unaona? Unajua. Unachelewa tu."

Mtihani ni Jumatatu, Mtongwe, saa mbili kamili.
Leo Jumamosi mteja mmoja wa Chaani amechukua katoni saba.
Nimezipakia na Tsuma kwenye mkokoteni,
moja baada ya nyingine, mgongo ukihesabu,
kila katoni vigae vinane, kila kigae na uzito wake.
Mteja akauliza, "Jumla vingapi?"
"Hamsini na sita," nikasema,
nikasimama pale na vumbi la katoni kifuani
kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni.
Kikokotoo kilikuwa ndani, mezani, kimezimwa.
Hamsini na sita.
Miaka mitatu nimekuwa nikiibeba.

"Hamsini na tano," Tsuma akasema, ameinama.
"Hiki kimepasuka."